Usitume pesa za mbolea tu, uliza pia hali ya udongo

JE, msomaji, unapotuma pesa nyumbani kila Machi ili mama anunue mbolea, huwa unauliza udongo wenyewe uko katika hali gani? Wengi wetu hatuulizi. Mwaka unaofuata tunatuma nyingi zaidi, ilhali magunia ni yale yale.

Kuna kilimo ambacho shabaha yake ni kuurudishia udongo uhai. Kanuni zake si ngumu: usiuache udongo uchi, changanya mimea, usilime kupita kiasi, na samadi ya mifugo irudi shambani.

Hata hivyo, kanuni hizi zahitaji utafiti. Chukua mfano wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwenye kituo cha ICIPE. Katika miaka ya 1990, Dkt Zeyaur Khan na wenzake, wakisaidiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakipambana na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu ilikusudiwa kuwafukuza nondo, nayo nepia kuwavuta watage huko, ambako viwavi wengi hufa. Ndipo ukaja mtindo wa "sukuma-vuta".

Kumbe palikuwa na faida nyingine! Palipopandwa desmodiamu, gugu la striga, ambalo Wajaluo huliita kayongo, lilipungua. Gugu hili hunyonya mizizi ya mahindi, na mbegu zake hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Kemikali za mizizi ya desmodiamu hulizuia kujishikiza. Isitoshe, mmea huo huongeza nitrojeni, hufunika udongo na hulisha ng'ombe.

Hapo pana funzo. Utafiti unaohesabu magunia ya msimu mmoja hauoni yote haya. Wa kupewa kipaumbele ni ule unaolipima shamba zima, udongo, maji, lishe ya mifugo na jasho la mkulima, kwa misimu mingi, tena katika shamba la mkulima mwenyewe.

Maswali yangalipo. Desmodiamu hukua polepole mwanzoni na yahitaji palizi ya makini. Nani atapalilia, kama si mama? Mbegu atazipata wapi, na kwa bei gani? Mvua ikikosa je? Kwa sehemu kavu, watafiti walijaribu desmodiamu nyingine pamoja na nyasi za brachiaria, zinazostahimili ukame.

Wewe mwanafunzi wa kilimo, hapo pana kazi yako. Nawe mzazi wa mjini, ukipiga simu nyumbani uliza: shamba lilifunikwa na nini baada ya mavuno? Samadi ilikwenda wapi? Mwambie anayelima aandike kila msimu alichopanda, alichotumia na alichovuna. Mali bila daftari hupotea bila habari, na udongo ni mali.