Nilivyoitafuta Kampala ya Kwanza

Muhula uliopita mwalimu wetu wa historia alitutaka tuandike habari za mwanzo wa mji huu. Mimi nalimaliza upesi: Kampala ilianzishwa na Kapteni Lugard, Desemba 1890. Kisha, ili nichore picha ya ngome yake, nikapanda kilima cha Old Kampala. Palipokuwa na ngome sasa pana msikiti mkubwa wa taifa. Nikapanda mnara wake, nikatazama pande zote.

Mzee mmoja aliyekuwa huko juu akaniuliza, “Mwanangu, huyo Lugard alifuata nini huku, kilima kitupu?” Nikanyamaza. Akaninyoshea kidole Mengo, alikokaa Kabaka Mwanga, ambaye Lugard alimwendea kumtaka atie sahihi mkataba. Kisha akanionyesha Kasubi. Huko Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, akazikwa humo 1884. Lugard alikuwa hajafika! Jumba hilo la nyasi, wanamolala makabaka 4, liliungua Machi 2010, likajengwa upya.

Wala habari hizi hazikufichwa, ndugu zangu. Sir Apolo Kaggwa, Katikiro tangu 1889 hata 1926, aliandika kwa Kiganda kitabu cha makabaka wa Buganda, kikapigwa chapa 1901. Mimi nalikuwa nimesoma vya Kiingereza tu.

Nimefuta mstari wangu wa kwanza. Ngome ya Lugard sasa imo ukurasa wa 3.