Chenji anarudisha kamili, kusoma kunamshinda: mzazi aanzie wapi?

Kilosa. Ukimtuma dukani na noti ya Sh5,000 akanunue sukari, kiberiti na mafuta ya kula ya kupima, anarudi na chenji kamili na salamu za mwenye duka juu yake. Redio ikigoma, yeye ndiye anayeifungua. Lakini mpe kitabu asome sentensi moja tu, ‘Mbwa wa babu amepotea’, atakaa kwenye neno la kwanza mpaka jasho limtoke. Yuko darasa la tatu.

Mtoto wa namna hii yupo karibu kila shule, na mzazi wa Chanzuru, kata iliyo wilayani Kilosa mkoani Morogoro, hana haja ya kwenda mbali kumtafuta. Nyumbani anaitwa mvivu. Shuleni wenzake wanamwita kilaza. Baada ya muda, tumbo linaanza kumuuma kila asubuhi yenye kipindi cha kusoma, kisha unakuja utoro. Msimu wa kupalilia ukifika, shambani anaonekana wa maana kuliko darasani, na huko ndiko anakobaki.

Tatizo lake lina jina: ulemavu wa kujifunza. Si ulemavu wa akili. Mtoto anaelewa, anakumbuka hadithi na anajibu kwa mdomo vizuri, ila sehemu ya ubongo inayounganisha sauti na herufi inafanya kazi tofauti na kwa wenzake. Likiwa kwenye kusoma na kuandika huitwa disleksia. Likiwa kwenye namba huitwa diskalkulia. Mara nyingi hurithiwa. Ukisikia shangazi akisema “hata baba yake alikuwa hivyo hivyo,” usilichukulie kama utani. Ni taarifa muhimu kwa mwalimu.

Kwa Kiswahili, tatizo hili hujificha zaidi. Kwa kuwa tunaandika karibu kama tunavyotamka, mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kuzisoma silabi kwa usahihi, ila polepole mno: anapofika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Wengine hukariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzao, na mzazi akaamini mtoto anasoma. Mfunike picha, mwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa. Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Kwenye daftari, angalia kama anachanganya ‘b’ na ‘d’, anaruka silabi, au anakwama kwenye ‘mb’, ‘nd’ na ‘ng’’.

Hata hivyo, si kila asiyejua kusoma ana ulemavu. Upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, uliofanyika nchini mwaka 2013 ulionyesha kuwa ni asilimia 8 tu ya wanafunzi wa darasa la pili walioweza kusoma kwa ufahamu katika kiwango kilichotarajiwa. Haiwezekani wote waliobaki walikuwa walemavu. Darasa likijaa kupita kiasi, mtoto akikosa vipindi, au akianza shule akiwa amezoea Kikaguru au Kimaasai nyumbani, atachelewa tu. Wa kutiliwa shaka ni yule anayehudhuria bila kukosa na kufundishwa sawa na wenzake, lakini wao wanasonga na yeye amebaki palepale mwaka mzima.

Kabla ya yote, apimwe macho na masikio. Asiyeona ubaoni au mwenye sikio linalotoa usaha tangu utotoni anaweza kuonekana mzito kumbe hasikii. Mweleze pia mhudumu wa afya kama aliwahi kupata degedege au malaria kali. Utafiti uliofanyika Kampala, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2008 ulibaini kuwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa kufikiri au kukumbuka miaka miwili baadaye. Ipo pia kifafa ambacho mtoto haanguki. Anakodoa macho sekunde chache, anarudi, na katikati hajui kilichosemwa. Mwalimu akimwona ataandika ‘hana umakini’.

Kiboko hakifundishi silabi

Kanuni zinazosimamia adhabu ya viboko shuleni zinairuhusu kwa makosa makubwa ya kinidhamu, isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au aliyempa idhini, na iandikwe kwenye kumbukumbu. Kushindwa kusoma si kosa la nidhamu. Mzazi ana haki ya kulisema hilo shuleni, kwa heshima, bila kugombana. Na asigeuke yeye kuwa mchapaji nyumbani.

Ukienda kwa mwalimu, usiende na lalamiko kwamba mtoto haelewi. Nenda na daftari. Onyesha anapokwama: silabi za herufi mbili anaziweza, za tatu zinamshinda, au anasoma lakini akiambiwa aandike imla anaacha nusu ya neno. Mwalimu mwenye watoto wengi hana muda wa kumchunguza mmoja mmoja, hivyo hiyo kazi ya kuchunguza ukimletea imekamilika, umemsaidia sana. Hapo mwombe mambo yasiyohitaji fedha: akae mbele, asisimamishwe kusoma kwa sauti bila kujiandaa, aruhusiwe kujibu kwa mdomo, na apewe rafiki wa kumsaidia kunakili ya ubaoni.

Ikishindikana, mwombe mwalimu mkuu amshirikishe ofisa elimu maalumu wa halmashauri. Walimu wa elimu maalumu wapo, wengi wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, ingawa hawatoshi kila shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake. Ni vizuri hatua hizi zianze kabla ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, kwa sababu asiyefaulu hapo hukariri darasa, na kurudia somo lile lile kwa njia ile ile hakumsaidii. Muda wa nyongeza kwenye mitihani pia hupitia shuleni, na mtoto ambaye tatizo lake halijaandikwa popote ni vigumu kuupata.

Nyumbani, dakika 10 kwa siku zinatosha. Anza na sauti, siyo herufi: mwambie atenganishe ‘ma-he-mbe’ kwa kupiga makofi. Kisha achore silabi moja mchangani kwa kidole huku akiitamka. Visoda vilivyoandikwa silabi kwa kalamu ya wino mzito vinaweza kupangwa na kupanguliwa kuwa maneno. Silabi mpya isizidi moja au mbili kwa siku, na ya jana irudiwe kwanza.

Hata bibi asiyejua kusoma ana nafasi yake: kaka au dada amsomee mtoto ukurasa, kisha bibi amwombe amsimulie upya. Dakika 10 zikiisha, funga kitabu hata kama bado anataka, mwache akacheze.