Haki ya Abiria Aliyeumizwa na Pikipiki
Abiria wa pikipiki akivunjika mguu kati ya Kinondo na Diani, huenda jamaa zake wakapatana na mwendeshaji siku ile ile kwa shilingi chache za dawa. Lakini mkulima asiyeweza kushika jembe miezi mingi amepata hasara kubwa kuliko hiyo. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimu mwenye chombo kuwa na bima ya kuwafidia wanaoumizwa nacho, akiwemo abiria aliyepakiwa kwa nauli. Fidia hupatikana ikithibitika kuwa mwendeshaji alikosa. Basi ajali na iandikishwe polisi, hati za hospitali na stakabadhi zitunzwe, na wakili aonwe mapema. Kwani madai yasipofikishwa mahakamani katika miaka 3, kwa kawaida haki hupotea. Na karatasi isiyofahamika isitiwe sahihi.