Picha ya ndege na thamani ya ukweli



Tukitaja kasuku wa kijivu au tausi wa Kongo, wengi hufikiria mtego, soko au chungu. Iko njia nyingine ya kumpata ndege: kumpiga picha na kumwacha aende zake. Watu wengi duniani hushindana katika kazi hiyo.

Mashindano yanayojulikana sana ni yale ya picha za viumbe vya porini, yanayoandaliwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Yalianza miaka ya 1960, na ndege wana sehemu yao maalum. Mwaka 2024 yalipokea picha 59,228 kutoka nchi na maeneo 117. Waamuzi hawaonyeshwi majina ya wapiga picha. Hivyo mkubwa na mdogo, tajiri na maskini, wanapimwa kwa kazi yao tu.

Waamuzi wanatafuta nini? Jicho la ndege lionekane vizuri, mwanga uwe mzuri, na picha ieleze jambo: mama analisha makinda, au madume wawili wanagombana. Ndege anayeruka huhitaji kamera inayonasa kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, au chini ya hapo. Lakini kabla ya nukta hiyo kuna saa nyingi za kukaa kimya na kujifunza tabia zake.

Tena kuna sheria. Ni marufuku kumtesa mnyama au kumvuta kwa chambo kilicho hai. Wanaofika mwisho hutoa picha asilia, jinsi ilivyotoka katika kamera, ili ichunguzwe. Mwaka 2018 picha moja iliyoshinda mwaka uliotangulia ilinyang'anywa tuzo: wataalamu waliona kwamba mnyama aliyeonekana humo yaelekea alikuwa amekufa na kujazwa vitu. Mpiga picha alikana, lakini uamuzi haukubadilika.

Hapo tunaona somo kwetu sisi tunaojenga amani. Ikiwa picha ya mnyama inachunguzwa hivyo, je, picha ya maiti au ya nyumba inayoungua, inayopita kwenye simu zetu ikitaja kabila fulani? Picha ya zamani au ya nchi nyingine inaweza kuwasha moto kijijini. Kabla ya kuituma, tuulize: nani aliipiga? Wapi? Lini? Tukikosa jibu, tusiitume.