Ua la Ruwenzori lisilo na pa kupanda tena

Katika mafunzo ya kahawa kule Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mama mmoja alituuliza: "Nyinyi ba-agronome, leo mumekuja kutufundisha maua? Ua halijazi kikapu." Watu walicheka, na sisi tulicheka pia. Lakini tulibaki na deni la kumjibu.

Ua tulilokuwa tunasemea ni lobelia. Msifikiri kaua kadogo ka kuweka mezani. Lobelia ya chini, ile wanayoiona wanaopita Kalonge, karibu metre 2.100, inaweza kupita urefu wa nyumba, na inaota pembeni ya msitu na kwenye mianzi. Ukikata jani linatoa maziwa meupe. Iko na sumu, kwa hiyo usimpe mbuzi.

Ndugu yake wa juu njo anatutia wasiwasi. Wataalamu wanamwita Lobelia bequaertii, kwa jina la Mbelgiji Joseph Bequaert. Anaishi Ruwenzori peke yake, upande wetu na upande wa Uganda, na hakuna pahali pengine duniani. Anapenda mabonde ya matope na majani-maji, kupita metre 3.000, kuanzia sehemu za Mahangu na kupanda. Majani yake yamepangwa kama bakuli, na bakuli hilo linashika maji. Usiku baridi ikiwa kali, maji yanaganda juu tu. Chini yanabaki maji, na kichipukizi kinalala humo salama. Anakaa miaka mingi bila kuchanua. Halafu anatoa mkunga mmoja mrefu wa maua, anaacha mbegu, na lile bakuli lililochanua linakufa. Ukikanyaga au ukichoma mmoja, umepoteza miaka mingi kwa dakika moja.

Sheria inamlinda kwa sababu makao yake yote yako ndani ya parki: Virunga kwetu, iliyoanzishwa mwaka 1925, na parki ya Ruwenzori ya Uganda, ya mwaka 1991. Lakini Virunga iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994. Vita mnaijua, hatuna haja ya kuieleza.

Kuna hatari nyingine ambayo haina bunduki. Ukipanda metre 1.000, baridi inaongezeka karibu digri 6. Kwa hiyo joto likizidi digri 1 tu, mmea unaotaka hewa yake ya zamani unapaswa kuhama kama metre 160 kwenda juu. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilometre za mraba 7. Leo haifiki 1. Lobelia inapanda, lakini mlima una mwisho. Juu ya matope kuna mawe tu.

Na kahawa yetu? Arabika nayo inasikia joto hilo hilo. Kutu ya majani na kidudu kinachotoboa tunda vinapanda kila mahali joto linapopanda. Njo maana wanamemba fulani wanataka kufungua mashamba mapya juu, kupita mpaka wa parki. Tunawaelewa. Mtu aliyepoteza mavuno hawezi kusikiliza hotuba ya maua.

Lakini angalieni maji. Wengi wanasema mito yetu inatoka kwenye barafu. Apana, sehemu kubwa ni mvula, na mvula hiyo inashikwa na miti, mianzi na yale matope ya lobelia, halafu inaachiliwa pole pole mpaka kiangazi. Ile maji njo inaosha kahawa yetu. Shamba jipya kule juu litakupa magunia machache miaka michache, na kituo cha kuosha kitakauka mwezi wa saba.

Sisi tunashauri kubaki chini na kupoza shamba: grevillea au miti mingine ya kivuli kati ya kahawa, matandazo ya majani ya ndizi, aina zinazovumilia kutu. Mianzi pia mtu anaweza kuipanda kwake kando ya mto. Kata kipande chenye vifundo viwili au vitatu, kizike mwanzo wa mvula. Hapo hutapanda mlimani kutafuta vijiti vya maharagwe. Na moto wa kurina asali usiwashwe kule juu, hata kama nyasi zinaonekana mbichi.

Wanamemba watatu walioomba mashamba ya juu hawajakubali bado. Mmoja alisema grevillea inachelewa, naye ana watoto wa kusomesha mwaka huu. Hapo hatukuwa na jibu zuri. Tutarudi kwao mvula ikianza, na miche mkononi.