Jina la Bigsby Juu ya Chuma: Ushauri kwa Orkesta za Wafanyakazi



Katika mkutano wetu wa Mutanga Nord jambo la mwisho halikuwa la mishahara wala la saa za kazi. Vijana wa orkesta walisimama wakaomba ushauri wa sendika. Mtu mmoja amewaletea gita la umeme la zamani. Amewaambia kuwa ni gita la Bigsby, lile walilopigia Wamarekani wa muziki wa kantri baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwamba yamebaki machache sana duniani. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na fedha zote za sanduku lao la akiba, walizochanga faranga kwa faranga muda wa miaka mitatu. Ushahidi wake ni mmoja tu: jina Bigsby limeandikwa waziwazi juu ya chuma kinachoshika mwisho wa nyuzi.

Fedha za sanduku ni jasho la watu wengi. Tukawaomba wasubiri, tukaenda kuuliza na kusoma. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, maana orkesta ziko pia kwa wenzetu wa chai huko Teza na Rwegura, na wauzaji wa namna hii hawakai mtaa mmoja.

Kwanza, Bigsby mwenyewe. Paul Bigsby alizaliwa mwaka 1899, akafa 1968. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kama sisi. Huko Los Angeles, katika kiwanda cha pikipiki za Crocker, alichonga mifano ya mbao ambayo kwayo hutengenezwa kalibu za kumiminia madini. Wenzetu wa karakana wanaijua kazi hiyo: mfano ukipinda kidogo, kila chuma kitakachotoka ndani ya kalibu kitapinda vilevile. Mkono huo ndio aliouleta kwenye magita.

Aliyempa kazi iliyomtangaza ni Merle Travis, na huyu anastahili maneno zaidi. Alizaliwa mwaka 1917 katika wilaya ya Muhlenberg, jimbo la Kentucky, nchi ya makaa ya mawe, na baba yake alifanya kazi mgodini. Mwaka 1946 alirekodi wimbo wa "Sixteen Tons", unaohusu mchimbaji anayepakia tani 16 kwa siku na bado deni lake katika duka la kampuni linazidi kukua. Mwaka 1955 mwimbaji Tennessee Ernie Ford aliuimba upya, ukasikika dunia nzima. Wazee waliofanya kazi mahali ambapo chakula kilikopeshwa dukani kwa kapita na kukatwa kwenye mshahara hawahitaji kufasiriwa wimbo huo.

Upigaji wake nao ulitoka kwa wafanyakazi. Kidole gumba kinapiga nyuzi nene za chini, cha shahada kinatembeza sauti ya juu. Travis aliupata kwa wachimbaji wa kwao, Mose Rager na Ike Everly, na ukifuata mnyororo huo nyuma unafika kwa Arnold Shultz, mwanamuziki Mweusi wa Kentucky aliyefariki mwaka 1931. Wapenzi wa muziki wa Katanga watashangaa kidogo hapa. Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa migodi, naye alitumia gumba na cha shahada. Gita lake halikuwa na umeme hata kidogo.

Mwaka 1948 Bigsby alimtengenezea Travis gita jembamba la umeme, ambalo leo limewekwa katika jumba la makumbusho ya muziki wa kantri huko Nashville. Mengine yalifuata, moja moja, kila moja kwa agizo la mtu, na mara nyingi jina la mwenye gita likapachikwa juu yake. Ndiyo maana ni machache.

Sasa dalili zake. Shingo haikufungwa kwenye mwili kwa skrubu. Mti wa shingo unapita katikati ya mwili wote hadi mwisho. Mti wenyewe ni mepo, wenye madoadoa kama macho ya ndege. Funguo zote sita za kukazia nyuzi zimepangwa upande mmoja wa kichwa. Sumaku za kushika sauti alizitengeneza mwenyewe, na kifuniko chake ni cha alumini alichokimimina mwenyewe. Namba iliyopigwa muhuri kwenye gita si namba ya mfululizo kama ya viwandani, bali ni tarehe: mwezi, siku na mwaka.

Na lile jina juu ya chuma? Hapo ndipo mtego ulipo. Travis alikuwa na gita jingine lenye mkono wa kutikisa sauti uliokuwa ukiharibu mlio wa nyuzi, akamwomba Bigsby autengeneze. Bigsby aliona heri atengeneze wake, wa alumini. Ulipendwa hata viwanda vikubwa, Gretsch na Gibson kati yao, vikaununua na kuufunga kwenye magita yao. Mwaka 1966 Bigsby aliuza biashara yake kwa Ted McCarty, aliyekuwa mkuu wa Gibson, na mikono hiyo ikaendelea kutengenezwa. Tangu mwaka 2019 jina hilo ni mali ya kampuni ya Fender. Kwa hiyo chuma chenye jina Bigsby kinapatikana kwa maelfu, kipya na cha zamani, na mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kukifunga kwenye gita lolote.

Tuliwaambia vijana wageuze gita lile. Nyuma, shingo ilikuwa imeshikwa kwa skrubu nne, na funguo zilikuwa tatu huku na tatu huku. Muuzaji alipoonyeshwa skrubu alishusha bei hadi robo. Gita lenyewe linalia vizuri, na kamati ya orkesta ndiyo inayolizungumza sasa.

Ni kweli kwamba Bigsby alitengeneza pia shingo za kuweka kwenye magita ya watu wengine. Travis alikuwa na Martin ya namna hiyo. Lakini hizo ni nadra, na kichwa chake kina funguo sita upande mmoja vilevile.

Tukiwa katika skrubu, tuseme pia juu ya Fender, maana wenye kantri walilitumia sana na watu watakuja na hilo pia. Mwishoni mwa 1950 kiwanda cha Leo Fender kilitoa gita lililoitwa Broadcaster. Mwaka 1951 kampuni ya Gretsch ililalamika kwamba jina hilo linafanana na la ngoma zake. Kiwandani wakakata kipande cha jina kwenye karatasi za kubandika, likabaki neno Fender peke yake, hadi jina la Telecaster lilipopatikana mwaka huohuo. Yale ya miezi ya katikati, yasiyo na jina, ndiyo yanayotafutwa kwa fedha nyingi. Hapa skrubu nne si kosa, ndivyo yalivyotengenezwa.

Wajuzi huzifungua skrubu hizo na kuangalia mwisho wa shingo. Katika magita mengi ya miaka ya 1950 wanakuta tarehe ya penseli na herufi za mfanyakazi aliyeichonga shingo. TG ni Tadeo Gomez. Ndani, penye waya, kuna vipande vya utepe wa karatasi vyenye majina ya wanawake waliounganisha nyaya. Abigail Ybarra aliingia kiwandani humo mwaka 1956, akawa anazungushia sumaku waya mwembamba akiuongoza kwa mkono, na alistaafu mwaka 2013. Wanunuzi siku hizi huuliza kwanza kama sumaku ni za mkono wake.