Goma: Nguo ya heshima na ya mtindo kwa binti wa miaka 15, inapatikana wapi?

Jumapili tatu mfululizo binti wa dada yangu alibaki nyumbani. Mara ya kwanza alisema kichwa kinamuuma, mara ya pili tumbo, mara ya tatu hakusema kitu. Mama yake alizani amegombana na wenzake wa korali. Kumbe kanzu yake ya pekee ya kanisani, ile waliyomununulia akiwa na miaka 13, ilikuwa imepanda juu ya magoti na kumukaza kifuani. Sasa ana miaka 15. Wanakorali wanasimama mbele, juu ya ngazi, na watu wote wamekaa chini wakiwatazama.

Dada yangu alitaka kumaliza shauri haraka. Akatoa kikwembe chake na libaya moja, akamwambia avae. Binti akavaa, akajitazama kwenye kioo, akavua. Baadaye akaniambia: « Mama mdogo, mimi sikatai nguo ndefu. Nakataa kufanana na mama wa watoto wanne. »

Neno hilo ndilo lilinifanya nichukue Jumamosi moja niende naye sokoni. Hapa Goma wazazi wengi wanalalamika kwamba wasichana wa leo hawapendi kujifunika, na mimi pia nilikuwa nawaza hivyo. Baada ya siku nzima ya kupekua nguo pamoja naye nimebadilisha mawazo. Kuna nguo za watoto, kuna nguo za wamama, na kuna nguo za wasichana wakubwa wanaokwenda kucheza usiku. Katikati ya hizo tatu, binti wa miaka 13 hadi 17 hana kitu chake.

Siku za shule hakuna shida. Mwanafunzi wa Congo anavaa bluu na nyeupe, kutoka Goma hadi Matadi, na jupe ya bluu inashuka chini ya magoti. Shida inaanza siku ya posho saa sita, pale sare inapoingia kwenye maji.

Tulianzia Birere, ule mtaa wa biashara ambao lava ya Nyiragongo iliuunguza kwa sehemu kubwa mwaka 2002, na watu wakaujenga tena juu ya mawe. Kwenye maduka ya nguo mpya, zile zinazotoka China na Dubai, kanzu ndefu zipo nyingi. Ukiiona imetundikwa mlangoni unasema nimepata. Halafu unaigeuza: mgongo uko wazi, au kuna mpasuo unaopanda hadi pajani, au kitambaa ni chepesi mpaka ukiingiza mkono ndani unahesabu vidole vyako vyote. Binti alijaribisha moja ya rangi ya kijani iliyofika kwenye visigino. Ilimufunika yote na haikuficha kitu, maana ilikuwa ya kuvutika na ilimushika kama ngozi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikataa, mimi nilikuwa nimeshaanza kupatana bei.

Hapo nilijifunza somo la kwanza. Sisi wakubwa tunapima heshima kwa urefu tu. Msichana anapima kwa namna nguo inavyomushika anapoinama, anapoketi, anapoinua mikono. Ndani ya duka alifanya hayo matatu mbele ya kioo, bila kuambiwa. Mzazi anayenunua nguo peke yake na kuileta nyumbani kama zawadi hawezi kuyajua hayo.

Na bei? Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji, benki zilifunga milango na feza zikawa ngumu kushikika. Katika nyumba nyingi, nguo ya mtoto ndiyo inakatwa ya kwanza kwenye hesabu. Kwa bei ya ile kanzu ya kijani tulipata baadaye nguo tatu za chaguwa, na feza ya fundi ilibaki.

Kwa hiyo tukaenda kwenye chaguwa. Msomaji wa Goma hana haja ya kuelezwa chaguwa ni nini, lakini inafaa kujua namna balo inavyofanya kazi. Balo zinafika zikiwa zimepangwa kwa aina: za jupe peke yake, za blauzi peke yake, za watoto peke yake. Siku balo inafunguliwa, wachuuzi wadogo wanaizunguka na kuchagua za kwanza. Kinachobaki kinamwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya kushuka. Anayefika saa nane mchana anapekua kile ambacho wengine wamekiacha.

Biashara hii inavuka mpaka pia. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo zilizokwisha kuvaliwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vyake vya nguo vipate kukua. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikaondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia kwake bila ushuru. Upande wa huku chaguwa haikuguswa, na wachuuzi wa Goma wakapata wateja wa Gisenyi.

Kwenye rundo la wasichana tulikuta jinzi zilizopasuliwa magotini, blauzi zinazoishia juu ya kitovu, na jupe ambazo ningeziita mikanda. Usifikiri ni shetani aliyezileta. Nguo hizi zimetoka kwa watu wa inchi zingine, zimekatwa kwa maisha yao, na msichana wa huko anazivaa siku chache za jua. Sisi tunapokea kile walichochoka nacho.

Mchuuzi aliona tumechoka. « Cheri, » alimwambia binti, « acha hapo. Njoo huku kwa wamama. » Binti akakunja uso. Mama yule akavuta kanzu moja pana ya bluu nzito yenye maua madogo meupe, ya mtu wa kilo 90 hivi, akaikunjua hewani. « Usitazame kanzu, » alisema. « Tazama kitambaa. »

Hiyo ndiyo siri ambayo ningependa kila mzazi aipate. Nguo ndogo haiwezi kukuzwa, lakini nguo kubwa inapunguzwa. Kwenye rundo la wamama wanene, ambalo wasichana wanalipita wakicheka, ndiko kuna pamba nzito, kuna kitambaa cha ndani kilichoshonwa vizuri, kuna vifungo na mifuko. Na kwa sababu wasichana hawalitaki, bei yake iko chini. Tulichukua ile ya bluu, jupe moja ndefu ya jinzi, na shati jeupe la mwanaume lenye kola nzuri.

Kabla ya kufika kwa fundi, tulipanda pikipiki, na pikipiki nayo ikatufundisha kitu. Katika mji huu msichana hatembei tu kwa miguu. Anapanda motari, juu ya mawe na mashimo. Jupe ya kubana, hata ikiwa ndefu, inamulazimisha kuivuta hadi mapajani ili akae, au akae upande mmoja, na hapo kuanguka ni rahisi. Kikwembe cha kufunga kinafunguliwa na upepo. Na ile pana inayofagia chini inaweza kunaswa na gurudumu, tena vumbi letu jeusi la volkano linaipanda hadi magotini kabla ya kufika kanisani. Kwa hiyo kwa Goma, kwa maoni yangu, nguo ya heshima ni ile inayoishia katikati ya muundi, pana kidogo chini au yenye marinda, na ndani yake pantalo fupi ya kubana. Wasichana wengi wameshalijua hilo.

Fundi tuliyemwendea ni papa mmoja mzee, ana cherehani mbili za miguu kwenye kibaraza. Binti alimwonyesha picha kwenye simu: msichana amevaa kanzu ya mikono mirefu iliyovimba kidogo mabegani, kiuno kimeshikwa na mkanda, chini imefunguka. Nilishangaa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, na picha ile hata mchungaji mkali angeipokea. Papa aliitazama kwa muda mrefu, akaitazama kanzu ya bluu, akasema kitambaa kinatosha na kinabaki.

Kuna jambo ambalo watu wanalinyamazia: kupimwa. Binti wa miaka 15 hapendi mwanaume mgeni amuzungushie mita kifuani, na ana haki. Fundi mzuri anaruhusu mama au dada ashike mita na kumsomea hesabu. Njia nyingine ni kuleta nguo moja inayomukaa vizuri, hata kama ni ya shule, fundi aipime hiyo juu ya meza. Sisi tulileta shati lake la shule. Fundi akitaka kubaki peke yake na mtoto nyuma ya pazia, toka naye, tafuta mwingine.

Jambo la pili ni upindo. Msichana wa umri huu anarefuka kila mwaka, na ile kanzu iliyomufungia nyumbani ilikuwa imekatwa sawasawa na mwili wake wa miaka 13, bila akiba. Tulimuomba papa aache vidole vinne vya upindo chini, na nafasi kidogo kwenye mishono ya ubavu. Alicheka: « Mama, wateja wangu wa leo hawaniombi hilo tena. » Ukikuta nguo yenye mpasuo lakini kitambaa ni kizuri, usiiache, fundi anaweka kipande cha pembe tatu kwenye mpasuo, hata cha rangi nyingine, na watu wanazani ni mtindo.

Baada ya hapo ndipo kikwembe kinaingia, kwa njia tofauti na ile ya dada yangu. Pisi ya yadi 6 mama anashonewa libaya na vikwembe viwili. Kwa binti, yadi 2 au 3 zinatosha jupe ya marinda yenye mifuko, inayovaliwa na shati jeupe. Kipande kinachobaki kinatoa fulari na mkanda. Mafundi vijana wa hapa wanajua kazi hiyo, na onyesho la mitindo la Liputa Fashion Show limeonyesha mbele ya watu wa Goma kwamba kikwembe si cha harusi na kilio tu.

Lakini tuelewe kwa nini binti anakiogopa. Kwa nyanya zetu, kikwembe kilikuwa amri. Katika miaka ya 1970, Mobutu na siasa yake ya Authenticité alikataza wanawake kuvaa pantalo na jupe fupi. Pagne ikawa vazi la mwanamke wa Zaïre, na amri hiyo ilikaa hadi milango ilipofunguliwa mwaka 1990. Mwaka 1997 tena, AFDL ilipoingia Kinshasa, askari waliwasumbua wanawake waliovaa pantalo za kubana. Kila mara serikali inapobadilika, kuna mtu anayetaka kupima jupe. Ni vigumu binti apende vazi ambalo anawekewa kila mara kama adhabu.

Makanisa nayo hayapimi kwa kipimo kimoja. Kwa Wakimbanguisti mwanamke havai pantalo na anafunika kichwa. Kwa Waadventista wengi shida ni hereni na mikufu. Wasichana Waislamu wana mavazi yao, na wenye maduka wanajua kuwaletea. Ndani ya kanisa moja la Kikatoliki utaona binti mwenye pantalo akisoma somo Jumapili na hakuna anayegeuka. Kwa hiyo kabla ya kununua, mzazi na mtoto waulizane: tunavaa kwa ajili ya wapi? Korali ya dada yangu inakubali nguo yoyote inayopita magoti na kufunika mabega. Basi. Yale mengine mama ndiye aliyeyaongeza.

Nataka kusema jambo moja bila kuzunguka, kwa sababu ninaandika kutoka Kivu. Kuna wazazi wanaotafuta nguo ndefu kwa sababu ya woga, wakiwaza kwamba itamulinda mtoto njiani. Ninauelewa woga huo. Lakini katika mji huu wamebakwa wazee waliovaa vikwembe hadi miguuni na watoto waliovaa sare ya shule. Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inahukumu kitendo. Haiulizi mtoto alikuwa amevaa nini. Nguo ya heshima tumushonee binti kwa sababu anajisikia vizuri ndani yake. Tukimwambia ni ngao, siku akipatwa na mabaya atajilaumu yeye.

Tulichukua nguo siku ya tano. Shati la mwanaume limekuwa blauzi, kola imebaki, mikono imekunjwa. Jupe ya jinzi imepunguzwa kiuno tu. Kanzu ya bluu imetoka karibu sawa na picha, isipokuwa mabega, ambayo papa hakuyavimbisha vya kutosha. Binti alimurudishia, kwa adabu, na akangoja kibarazani hadi yalipotengenezwa.

Jumapili alisimama mstari wa mbele. Dada yangu aliimba kidogo, muda mwingi alikuwa anatazama upindo. Ameshahesabu: ataufungua mara ya kwanza Pasaka ya mwaka kesho.